Ukurasa Ambao Tabibu Hakuufungua

Jumanne ile, kabla hata ya chai ya saa nne, Mizani ilitoa sabini na moja kwa Mwalimu Tusekile.

Tabibu Ambakisye Mwakalinga alikuwa chumba cha sindano, akibembelezana na bibi mmoja aliyekataa katakata kuchomwa mkono wa kulia kwa sababu kesho yake alikuwa na viazi vya kuchimba. Sista Bupe akaja akasimama mlangoni, kimya. Sasa Bupe ni mtu wa kuongea toka anapofungua geti la zahanati mpaka anapolifunga. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja hapo Itufyo, na tabibu alishajua kwamba Bupe akinyamaza kuna jambo. Akamchoma bibi mkono wa kushoto, akanawa, akatoka.

Walipoingia chumba cha Mizani, Bupe akafunga mlango. Kwenye skrini palikuwa na jina, na chini ya jina ile namba kwa rangi nyekundu. Tabibu alipoliona jina tu, akageuza uso akatazama nje dirishani, kwenye mashamba ya chai. Hakukusudia, ni mazoea. Tusekile alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe Lusajo, na katika nyumba ya Mwakalinga baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe, na mke wa mwana hamtazami baba mkwe.

Msicheke. Najua ilikuwa miaka gani. Dawa zilikuwa zinaletwa na vindege visivyo na rubani, na wagonjwa wa macho walikuwa wanapasuliwa na daktari aliyeko bara jingine. Nyumba nyingi za Rungwe mila hiyo walishaiacha tangu enzi za babu zao. Lakini kwa Mwakalinga waliishika, na waliishika kwa heshima wala si kwa ujinga. Jioni tabibu akirudi kazini, akifika getini hukohoa. Akishakohoa, Tusekile hujitenga jikoni, tabibu akapita uani hadi sebuleni, akaoga, na akitoka kuoga chakula akakikuta mezani kimefunikwa. Wakiwa na neno la kuambiana, wanamwambia Sekela, mtoto wa miaka miwili ambaye maneno yake yote yalikuwa "babu" na "nyau". Tusekile husema kutoka nyuma ya ukuta, kwa sauti ya kufika, kwamba Sekela amwambie babu sukari imeisha. Tabibu naye hujibu kwamba Sekela amwambie mama italetwa kesho. Mtoto anageuza shingo huku na huku, hana habari. Zamani kazi hiyo ya kupeleka maneno ilikuwa ya mke wa tabibu, lakini yeye alifariki miezi miwili kabla ya Sekela kuzaliwa.

Bupe akakohoa kidogo. "Imevuka sitini, Daktari," akasema. "Imevuka mbali."

Tabibu hakuhitaji kufundishwa maana yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wengine. Kila aliyewahi kuugua sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyotaka kuondoka, akapona, alipewa shanga moja ya kijivu ya kuvaa shingoni. Shanga haisikii maneno, sheria iliikataza. Inasikia mlio tu: mtu anaongea haraka au polepole, anakaa muda gani kabla ya kujibu, usiku anajigeuza mara ngapi, mchana anatembea hatua ngapi. Kila Jumanne shanga zote za kata hupeleka hesabu zake kwenye Mizani, na Mizani haikulinganishi na jirani yako, inakulinganisha na wewe mwenyewe wa wakati ule ulipokuwa mzima. Kisha inasema: kati ya watu mia moja ambao shanga zao zilisomeka hivi, wangapi sonona iliwarudia ndani ya siku tisini. Kwa Tusekile, watu sabini na moja.

Namba ikivuka sitini, unatoka Wito. Mgonjwa anasomewa siku hiyo hiyo. Kama ni mwalimu, anatoka darasani. Kama ni dereva, anaweka ufunguo. Mhudumu wa afya anamtembelea kila baada ya siku moja. Na kama ana mtoto chini ya miaka mitano, mtoto anakwenda kwa ndugu kwa siku tisini. Waliotunga walikuwa na nia njema, na mara nyingi ilisaidia. Watu waliwahiwa kabla hawajazama. Lakini tabibu alikuwa na jina moja kichwani ambalo halikumtoka: Asegelile, dereva wa lori la maziwa, aliyesomewa Wito kwa namba sitini na nne huku anacheka na watu barazani. Alitoa ufunguo, akaenda nyumbani akakaa, na mwezi haukuisha akawa haamki kitandani. Mizani ikajiandikia kwamba ilipatia. Tabibu alikuwa akijiuliza miaka yote kama ilipatia au ilisababisha, na hakuna mtu wilayani aliyeweza kumjibu.

Na kwa Tusekile kulikuwa na zaidi ya hilo. Alipougua mara ya kwanza, baada ya uzazi, Sekela alipelekwa Kyela kwa bibi yake mzaa mama. Tusekile alipopona alimwambia Bupe, na Bupe akamwambia tabibu kwa sababu Tusekile asingeweza kumwambia mwenyewe, kwamba ugonjwa ulikuwa mbaya, lakini kilichotaka kummaliza ni maziwa kukauka kifuani na mtoto yuko mbali.

"Namba hii wapelekee zahanati ya jirani," Bupe akasema. "Wewe ni mzazi wake. Haifai uamue."

Tabibu akasema zahanati ya jirani kuna watu watano na midomo kumi, ikifika pale kesho yake soko zima linajua mke wa Lusajo amerudiwa na sonona. Akasema ataisitisha.

Kusitisha ndiko kulikompa jina. Tabibu aliruhusiwa kuuzuia Wito siku kumi na nne akiona namba imepanda kwa sababu inayoeleweka: msiba, malaria, msimu wa kuvuna, ugomvi wa ndoa utakaoisha. Masharti yalikuwa mawili. Afungue ukurasa wa pili, ambao Mizani inaandika kila kilichoipandisha namba, ausome wote. Na aketi na mgonjwa uso kwa uso, dakika kumi na tano. Ambakisye alikuwa amesitisha mara thelathini na moja, akapatia ishirini na tisa. Watu walitoka kata nyingine kuja kwake, wakisema huyu anasoma mtu, hasomi mashine. Na yeye aliwasikia wakisema hivyo, tusidanganyane, na alipenda kuwasikia.

Alivuta kiti mbele ya skrini. Kidole kikafika kwenye ukurasa wa pili, kikasimama. Humo ndani kulikuwa na usingizi wa mkamwana wake, pumzi zake za usiku, mara alizojigeuza kitandani. Kuufungua ilikuwa kama kusukuma mlango wa chumba chake cha kulala. Masikio yakapata moto, mtu mzima wa miaka hamsini na nane. Akajiambia hana haja ya kuchungulia, kwani yeye anaishi na huyu binti ua mmoja, na kila jioni anamsikia jikoni akicheka na mtoto. Mtu anayecheka hivyo hana sonona. Usingizi umeharibika kwa sababu Sekela anaota magego na Lusajo yuko kazini kwenye mitambo ya umeme wa mvuke Songwe, harudi hadi mwisho wa mwezi. Sababu hizo mbili zinatosha.

Mizani ikamuuliza: Umesoma sababu? Akaweka alama ya ndiyo. Umeketi na mgonjwa? Akaweka ndiyo.

Bupe aliona. Alisimama pale nyuma ya kiti na aliona vyote viwili, na baadaye alijilaumu kwa kunyamaza. Lakini ni bosi wake, tena mkubwa kwake kwa miaka ishirini, na tena ni mila za nyumba ya mtu. Akaenda kuchemsha chai.

*

Jioni hiyo tabibu alikohoa getini kama kawaida. Kutoka jikoni kikaja kicheko cha Tusekile, kirefu, cha mtu aliyechekeshwa kweli, na sauti ya Sekela ikidakia. Tabibu akapita uani huku uso kaugeuzia upande wa migomba, na moyo ukamtulia. Akala. Siku hiyo viazi vilikuwa na chumvi mara mbili, lakini hakusema, maana kumwambia Sekela amwambie mama chumvi imezidi ingekuwa ni kumdhalilisha mpishi.

Siku zilizofuata akafanya kazi ya ulinzi, na kwa haki yake aliifanya kwa upendo. Alirudi nyumbani mapema. Aliketi barazani, mgongo kauelekeza jikoni kama inavyotakiwa, na alisikiliza. Alisikia sufuria, alisikia maji, alisikia Mwalimu akimhesabia mtoto vidole. Kila alipokohoa getini, kicheko kilikuja. Siku ya tatu, ya tano, ya nane. Alimwambia Bupe kwamba hata leo amemsikia, anacheka vizuri sana, na Bupe akauliza kama amemwona akicheka. Tabibu akamtazama kana kwamba ameulizwa swali la kitoto.

Kulikuwa na siku moja, ya tisa, ambayo alikuja kuikumbuka sana. Alirudi nyumbani mchana kuchukua miwani aliyoisahau, na kwa kuwa alidhani Mwalimu yuko shuleni, hakukohoa. Akaingia uani. Jikoni kulikuwa kimya, lakini mlango uko wazi, na kwa pembe ya jicho aliona kanga na miguu miwili imetulia sakafuni, imenyooka, kama ya mtu aliyeketi akaegemea ukuta. Sekela alikuwa pembeni amelala juu ya gunia. Hapakuwa na moto wala sufuria. Tabibu alishtuka, si kwa alichokiona, bali kwa sababu alikuwa amemwona. Akarudi kinyumenyume hadi getini kwa aibu, akaondoka bila miwani. Kutwa nzima alisoma vyeti vya wagonjwa kwa kuviweka mbali na macho. Jioni akakohoa mara mbili, kwa nguvu, ili kufidia. Kicheko kikaja.

*

Siku ya kumi na mbili, Jumamosi ya masomo ya ziada, Mwalimu Tusekile alimwacha mtoto kwa jirani, akaenda shuleni, akaandika tarehe ubaoni mbele ya darasa la pili. Akamaliza kuandika na hakugeuka. Alisimama ameishika chaki, uso ubaoni. Watoto walimpenda mwalimu wao, wakadhani ni mchezo au ni adhabu, wakakaa kimya wakisubiri. Wakasubiri hadi kengele ya mapumziko. Kengele ilipolia, akaiweka chaki kwenye ukingo wa ubao, vizuri, akatoka, akapita uwanjani na kuingia kwenye mashamba ya chai.

Walimtafuta siku nzima. Wanakijiji walijipanga mistari wakaingia kwenye chai, na vindege vya dawa vikaombwa viangalie kutoka juu, lakini ukungu ulikuwa umeshuka na havikuona kitu. Tabibu alikuwa kwenye mstari wa mbele. Aliita jina la mkamwana wake kwa sauti, jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele yake, na ndugu zake waliokuwa karibu walilisikia na hakuna aliyemlaumu.

Alipatikana Jumapili mchana kwenye mfereji unaopeleka maji kwenye mtambo wa umeme, ameketi ukingoni, miguu ndani ya maji ya baridi tangu haijulikani lini. Alikuwa hai. Kifua kilikuwa kimejaa, vidole vya miguu vimekuwa vyeupe, na macho yalikuwa wazi lakini hayamfuati mtu. Aliyempata alikuwa Asegelile, yule dereva wa zamani wa lori la maziwa. Alimbeba mgongoni hadi barabarani, na alipomfikisha alimwambia tabibu neno moja tu, kwamba alikwenda kutafuta pale kwa sababu yeye naye aliwahi kupafikiria.

Hospitali ya wilaya wakamlaza. Na sheria ikafanya kazi yake. Wito ulikuwa unamwondoa mtoto kwa siku tisini, lakini ugonjwa ukisharudi wenyewe, mtoto anakaa mbali mwaka mzima. Lusajo alikuja kutoka Songwe na nguo za kazi, akamchukua Sekela na kikapu chake, akampeleka Kyela. Mtoto alipakiwa garini akiita "babu, babu", maana ndilo neno alilokuwa nalo.

*

Jumanne iliyofuata Bupe hakuuliza ruhusa. Alifungua ukurasa wa pili wa ile sabini na moja, akavuta kiti kingine, akamkalisha tabibu kwa kumshika bega.

"Soma," akasema. "Safari hii usiangalie dirishani."

Ulikuwa ukurasa mfupi. Tabibu alikuwa ameuogopa kana kwamba ungemwonyesha mtu uchi, na humo hapakuwa na chochote cha aibu. Usingizi: saa mbili na nusu kwa usiku, wiki tatu mfululizo. Hatua: zimepungua nusu. Kunyamaza kabla ya kujibu: kumeongezeka mara nne. Sauti mchana nyumbani: hakuna. Mstari wa mwisho ndio ulioipandisha namba kuliko yote, na Mizani iliuandika kwa ile lugha yake kavu isiyomjali mtu. Kicheko: mara moja kwa siku, kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu jioni. Urefu: sekunde sita, haubadiliki. Kinatanguliwa na kikohozi cha mtu wa pili.

Tabibu akausoma mara ya pili. Akavua miwani, akaivaa tena. Mtu wa pili alikuwa yeye.

Kumbe mashine hiyo aliyokuwa anajisifu kuishinda ilikuwa imesikia kitu kile kile alichokisikia yeye, jioni kwa jioni, sekunde kwa sekunde. Tofauti ni kwamba yenyewe ilisikia na saa zilizobaki. Yeye alisikia sekunde sita, akaondoka na furaha yake.

Hakulia hapo. Alichukua karatasi akaandika barua ya kujishtaki wilayani, akaeleza alama mbili alizoweka na kwamba zote zilikuwa uongo. Bupe alimwambia aandike kwamba na yeye aliona akanyamaza. Tabibu akakataa, Bupe akachukua kalamu akajiandika mwenyewe. Wilaya ikamwondolea tabibu ruhusa ya kusitisha. Wagonjwa walikuja kumpa pole, na wengine wakasema ameonewa, mtu amepatia ishirini na tisa. Hakuna pole iliyomchoma kama hiyo. Alianza kuwaza kuhusu wale ishirini na tisa, ni wangapi kati yao walipona kwa sababu yake, na ni wangapi walimchekea tu.

*

Tusekile aliruhusiwa baada ya wiki saba. Lusajo alimleta mchana, akamlaza, na jioni akatoka kwenda kwa jirani kuchukua maziwa. Tabibu alijua. Alijipa kazi zahanati hadi kazi zikaisha, akapanga makabati yaliyokwisha kupangwa, mwishowe Bupe akamnyang'anya funguo na kumwambia aende nyumbani.

Njiani aliapa hatakohoa. Alilisema neno hilo kwa sauti, peke yake barabarani, kama mlevi. Atafungua geti taratibu, atapita, basi. Lakini ukungu ulikuwa mzito jioni ile, na koo lina mazoea yake, miaka mingi linafanya jambo lile lile mahali pale pale. Mkono ulipogusa geti tu, kikohozi kikatoka.

Na kutoka jikoni kikaja kicheko.

Kilikuwa kirefu, cha mtu aliyechekeshwa kweli, na hakukuwa na mtoto wa kumchekesha. Tabibu alihesabu bila kutaka. Sekunde sita, kikakatika.

Akavuka ua. Hakugeukia migomba. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, akainama kwa sababu mlango ule ni mfupi na hakuwahi kuupita tangu Lusajo alipooa, akaingia. Tusekile alikuwa ameketi kwenye kigoda na sinia la viazi miguuni, kisu mkononi, hajamenya hata kimoja. Alipomwona alijaribu kuinuka na kuvuta kanga usoni, lakini miguu ilikuwa bado haijapona, akarudi akakaa. Tabibu akageuza ndoo, akaketi juu yake, mbele yake. Halafu akainua macho akamtazama.

Ndiyo mara ya kwanza aliujua uso wake kwa karibu. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa amekonda kuliko alivyodhani, na alikuwa mdogo, mdogo sana, wa rika la watu anaowaita wanangu kutwa nzima zahanati.

Walikaa. Tabibu alikuwa ameandaa maneno, wiki saba alikuwa akiyaandaa, na yote yakamkimbia. Mwisho akasema lililokuwa kweli.

"Namba yako nilikuwa nayo siku kumi na mbili. Ilikuwa sabini na moja. Nikaizuia."

Tusekile hakujibu mara moja. Tabibu akasubiri, na safari hii alisikia jinsi kule kunyamaza kulivyokuwa kurefu.

"Uliizuia kwa nini?"

"Nilisema wakikuondolea Sekela, utakufa. Na nilikuwa nakusikia unacheka."

Alishusha kisu kwenye sinia. Mikono akaifungia kwenye kanga. Kisha akaongea, polepole, macho yakiwa sakafuni, na hakumtaja Sekela kama mjumbe. Alisema kwamba mwezi ule wote alikuwa anakaa pale pale ukutani toka anapotoka shuleni, hawezi hata kuwasha moto. Mtoto alikuwa analala kwenye gunia. Anakaa hadi anaposikia kikohozi, ndipo anasimama, anamwamsha mtoto kwa kumtekenya, na anacheka, kisha ndipo anabandika sufuria.

"Nilijua wewe ndiye daktari," akasema. "Nilisema ukinisikia nimenyamaza, utampeleka mwanangu Kyela. Kwa hiyo nikawa nacheka, Baba. Nilikuwa nakusanya nguvu kutwa nzima kwa ajili ya kile kicheko kimoja."

Tabibu akaweka mikono kichwani. Wote wawili walikuwa wanamlinda mtoto yule yule, wamepakana ukuta mmoja, na kila mmoja alikuwa anamdanganya mwenzake kwa bidii. Akamwuliza kama ingekuwa heri angeambiwa.

Tusekile akafikiri. Hakutaka kumpa jibu la kumfurahisha, na alishachoka kufurahisha watu. Alisema angelia, na angemchukia yeye tabibu, na angemchukia hata Bupe. Alisema pengine angelala chini kama Asegelile, hajui, hakuna anayejua.

"Lakini ningejua kuna mtu amesikia," akasema. "Mwezi ule wote, nilikuwa nadhani hakuna anayesikia."

Nje Lusajo alikuwa amerudi na maziwa. Alifika hadi mlangoni, akamwona baba yake ameketi juu ya ndoo uso kwa uso na mke wake, akasimama pale, akarudi nyuma akaenda kukaa barazani na kopo lake. Dakika zikapita. Huenda zilifika kumi na tano, huenda zilizidi, hapakuwa na mashine ya kuzihesabu. Tabibu alitaka kuomba msamaha na akaona kwamba kuuomba ni kumpa mgonjwa kazi nyingine ya kufanya, basi akachukua kisu kwenye sinia na kuanza kumenya viazi. Alivimenya vibaya, kwa maganda manene, maana hakuwahi kufanya kazi hiyo katika nyumba yake.

Zilikuwa zimebaki siku mia tatu na kumi na tano Sekela arudi. Atakuja na maneno mengi ya Kyela, na "babu" huenda litakuwa la mtu mwingine.

Tusekile alimwangalia akimenya kimoja, cha pili, cha tatu. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, wala hakujificha.

"Baba," akasema.

Tabibu akaacha kisu.

"Ukirudi kesho, usikohoe."